Serikali ya kijamaa iliyochaguliwa, na jeshi lisiloitaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo Septemba jina la Salvador Allende, rais wa kijamaa wa Chile aliyepinduliwa na jeshi lake Septemba 11, 1973, hurudi midomoni, na maswali huwa ni yale yale: kwa nini hakuwapa wafanyakazi bunduki, kwa nini alimwamini Jenerali Pinochet aliyekuja kumpindua, mbona Nyerere alipona maasi ya 1964. Majibu yaliyo hapa yanategemea zaidi Chile ya 1970 hadi 1973, kwa kuwa ndiko mambo yalikoonekana wazi kuliko kwingine. Tanganyika, Hispania, Venezuela na Bolivia zinaingia pale zinapohitajika. Jibu likishatolewa mahali pengine, utaona namba ya swali.

## Misingi

1. Kwani jeshi halilazimiki kumtii aliyechaguliwa?

Kikatiba linalazimika. Rais ndiye amiri jeshi mkuu, anateua na anatengua. Ila amri yake hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijamfikia koplo anayewasha kifaru, na kila mmoja wa hao anaweza kuichelewesha, kuipindisha au kuikalia. Rais hamjui yule koplo, na koplo naye anamjua kapteni wake tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nani anaongoza kikosi kilicho karibu na ikulu, nani alimpandisha cheo, na akiasi anatarajia nani atamfuata? Serikali nyingi zilizopinduliwa zilikuwa na katiba nzuri sana.

2. Kwa nini jeshi liichukie serikali ya kijamaa?

Si kila jeshi huichukia. Nchini Peru mwaka 1968 wanajeshi wenyewe, chini ya Jenerali Juan Velasco Alvarado, ndio waliochukua madaraka, na mwaka uliofuata wakaanza kugawa mashamba ya matajiri. Anayesema jeshi ni la mabwanyenye siku zote hajaisoma Amerika ya Kusini vizuri.

Hata hivyo kulikuwa na sababu zilizojirudia. Katika miaka ya Vita Baridi maofisa wengi wa eneo hilo walipitia mafunzo ya Wamarekani, ikiwemo shule yao iliyokuwa Panama, na huko walifundishwa kwamba adui yumo ndani ya nchi, kwenye vyama vya wafanyakazi na vyuo vikuu. Pili, jeshi huchukia kitu chochote kinachofanana na jeshi la pili. Mtu akitaja tu wanamgambo wa chama, hata meja asiyejali siasa anasimamisha masikio. Tatu ni familia: mke wa ofisa anapanga foleni ya mkate kama wengine, na nyumbani husema.

3. Inawezekanaje wanajeshi wachache kuiangusha serikali nzima?

Kwa sababu mapinduzi ya kijeshi ni kamari ya maofisa wao kwa wao. Wanaoyapanga huwa wachache, na wanaoipenda serikali kiasi cha kuifia nao ni wachache. Katikati kuna kundi kubwa linalongoja kuona upande upi utashinda ili liwe nao. Ndiyo maana wapinduaji hukimbilia redio kabla ya bohari ya risasi. Wanataka yule kanali aliye mbali aamini kwamba mambo yameshakwisha.

Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Serikali iliyochaguliwa haiwezi kulishinda jeshi lake kwa mtutu. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha ofisa anayefikiria kuasi hana uhakika hata kidogo kwamba wenzake watamfuata. Kazi hiyo hufanywa mapema, serikali ikiwa bado na nguvu na upinzani umegawanyika. Vifaru vikishatoka kambini, kinachoonekana barabarani ni matokeo ya kazi hiyo, au ya kutofanyika kwake.

## Chile, 1970 hadi 1973

4. Kwa nini kila mjadala huanzia Chile?

Kwa sababu Allende hakupitia msituni. Alikuwa daktari na seneta wa miaka mingi, aliyekwisha kugombea urais mara tatu na kushindwa. Septemba 4, 1970 alipata kura nyingi kuliko wenzake wawili, ingawa ni asilimia 36 hivi tu. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, uamuzi ulikwenda bungeni, nalo likamthibitisha Oktoba 24 kwa kura 153 dhidi ya 35 za mpinzani wake. Muungano wake, Unidad Popular, ulikuwa na Wasoshalisti, Wakomunisti, Waradikali na vyama vidogo vidogo.

Na Chile haikuwa nchi ya mapinduzi ya kila mwaka. Wachile walijisifu kwa jeshi lisiloingilia siasa, na majirani waliamini. Ndiyo sababu anguko lake liliwatisha wajamaa wa dunia nzima: kama njia ya kura imefungwa Santiago, imebaki wazi wapi?

5. Je, Allende hakuiona hatari?

Aliiona hata kabla ya kuapishwa. Oktoba 22, 1970, siku mbili kabla ya bunge kupiga kura, Jenerali René Schneider, mkuu wa jeshi la nchi kavu, alivamiwa akiwa ndani ya gari lake Santiago. Akapigwa risasi na kufariki siku tatu baadaye. Kosa lake lilikuwa kusema hadharani kwamba jeshi litamkubali yeyote atakayethibitishwa na bunge. Waliomvamia walitaka kumteka ili jeshi lipate kisingizio cha kuingia.

Mauaji yale yaliwageukia wapangaji. Maofisa waliokuwa wakisitasita walishtuka, wakajipanga nyuma ya Carlos Prats, mrithi wa Schneider, aliyekuwa na msimamo ule ule. Allende aliapishwa Novemba 3 akiwa na zawadi ambayo hakuiomba: jeshi lenye aibu. Baadhi ya wafuasi wake walidhani aibu hiyo ingedumu miaka sita ya muhula mzima. Ilidumu kama miwili.

6. Alifanya nini kulivuta jeshi upande wake?

Mengi kuliko anavyosifiwa. Aliongeza mishahara, akanunua vifaa, akawapa maofisa nafasi kwenye mashirika ya umma na kuwahudhuria kwenye gwaride zao. Kwenye mkataba wake na Christian Democrats, chama cha mrengo wa kati, uliompatia kura za bunge, aliahidi kutogusa muundo wa jeshi wala kuruhusu kundi lingine lenye silaha. Kwa hiyo njia ya Nyerere (swali la 13) ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, kwa sahihi yake mwenyewe.

Halafu ukaja mgomo wa wenye malori, Oktoba 1972. Chile ni nchi ndefu na nyembamba, na malori yakisimama, chakula husimama. Ili kuumaliza, Allende aliwaingiza majenerali kwenye baraza la mawaziri, Prats akawa waziri wa mambo ya ndani. Mgomo uliisha, na uchaguzi wa bunge wa Machi 1973 ukafanyika kwa amani, muungano ukapata zaidi ya asilimia 43.

Kwa muda mfupi ilikuwa dawa. Kwa muda mrefu, naona ilikuwa sumu. Jenerali akishaketi mezani pa mawaziri, kila ofisa chini yake anaanza kuwa na maoni kuhusu bei ya nyama. Wapinzani nao walijifunza kwamba mgogoro ukikua, mwamuzi ni jeshi.

7. Baada ya jaribio la Juni 29, 1973, kwa nini hakulisafisha jeshi?

Hili huulizwa sana, na kwa haki. Asubuhi ile Luteni Kanali Roberto Souper aliingiza vifaru vya kikosi chake katikati ya Santiago na kuizingira ikulu ya La Moneda. Husimuliwa kwamba vifaru vingine vilisimama kwenye taa nyekundu, na kimoja kilipita kituo cha mafuta kama gari la mteja. Prats alikwenda mwenyewe kwa miguu, bunduki mkononi, akiwa na maofisa wachache, akakifuata kifaru kimoja baada ya kingine akiwaamuru waliomo wajisalimishe. Kufikia mchana yalikuwa yamekwisha. Waliokufa walikuwa zaidi ya 20, akiwemo mpigapicha wa Argentina, Leonardo Henrichsen, ambaye kamera yake ilimrekodi askari aliyempiga risasi.

Siku ile jioni Allende alikuwa na uwezo ambao hakuupata tena. Waasi walikuwa wameshindwa hadharani, na kwa hesabu ya swali la 3, waliokuwa wakingoja walikuwa wamepata jibu. Kuwastaafisha maofisa wenye kutiliwa shaka kungewezekana wiki hiyo. Hakufanya hivyo. Alitaka bunge limpe mamlaka ya hali ya hatari, likamkatalia, naye akarudi kwenye mazungumzo na Christian Democrats. Kwa kumtetea, kuwafukuza majenerali wengi kwa mkupuo kungeweza kuwaunganisha walio wengi dhidi yake. Hilo nalielewa. Lakini wapangaji walitumia wiki zilizofuata vizuri kuliko yeye. Walikuwa wameona kikosi kipi kilitoka, kipi kilisita, na kwamba wafanyakazi waliojaa viwandani hawakuwa na silaha za maana.

8. Ni kweli alimteua Pinochet yeye mwenyewe?

Ni kweli, Agosti 23, 1973, kwa mapendekezo ya Prats. Siku mbili kabla, wake wa maofisa, wakiwemo wa majenerali, walikusanyika mbele ya nyumba ya Prats wakiwa na barua kwa mke wake. Kelele na matusi vilifuata. Prats aliwaomba majenerali wenzake watie sahihi tamko la kumuunga mkono, wengi wakakataa. Akajiuzulu, na majenerali wawili waaminifu kwa katiba wakaondoka naye.

Augusto Pinochet alikuwa msaidizi wake, mtu mkimya na mtiifu, na hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wapangaji. Inaelekea alijiunga nao siku za mwisho kabisa. Mwenye kiu ya mapinduzi hasa alikuwa Admirali José Toribio Merino wa jeshi la majini pamoja na Jenerali Gustavo Leigh wa anga. Kwa hiyo anayesema "Allende alidanganywa na Pinochet" amesema nusu tu. Kilichomwangusha kilitokea Agosti 21, pale nyumbani kwa Prats: mkuu wa jeshi aliachwa peke yake na kila ofisa akaona.

9. Marekani ilihusika kiasi gani?

Sana, ila si kwa namna inayosimuliwa vijiweni. Septemba 15, 1970 Rais Nixon aliiagiza CIA, shirika la ujasusi la Marekani, imzuie Allende asiingie madarakani, na maelezo ya mkurugenzi wake, Richard Helms, yanataja kuufanya uchumi wa Chile upige mayowe. CIA iliwapelekea silaha baadhi ya waliopanga njama dhidi ya Schneider. Kamati ya Seneti ya Marekani ilikuta baadaye kwamba dola milioni 8 hivi zilitumika kwa siri kati ya uchaguzi wa 1970 na Septemba 1973, zikiwemo za gazeti la El Mercurio na vyama vya upinzani.

Angalia lakini fedha za wazi. Mikopo ya kiuchumi ilikatwa, na misaada ya kijeshi ikaendelea. Ofisa wa Chile alifungiwa duka la mtaani kwake, wakati mlango wa Washington ukibaki wazi kwake. Ujumbe huo haukuhitaji jasusi wa kuufikisha.

Kuhusu siku yenyewe ya Septemba 11, kamati hiyo haikupata ushahidi kwamba Marekani ilishiriki moja kwa moja. Mapinduzi yalipangwa na Wachile.

10. Si uchumi ndio uliomwangusha?

Uchumi ulifungua mlango. Kutaifisha shaba, Julai 1971, kulipitishwa na bunge bila mpinzani hata mmoja, kwa hiyo ugomvi haukuanzia hapo. Ulianzia kwenye viwanda na mashamba yaliyochukuliwa bila sheria iliyo wazi, mishahara kupanda haraka kuliko bidhaa, na serikali kuchapa noti. Kufikia 1973 bei zilikuwa zikipanda kwa mamia ya asilimia kwa mwaka. Agosti 22 wabunge 81 dhidi ya 47 walitangaza kwamba serikali imevunja katiba, na azimio lao likawataja wanajeshi.

Ofisa anayesita huhitaji ruhusa. Chile ilimpatia bungeni. Serikali ya wachache ikiwaachia wapinzani wa wastani waungane na wale wa mbali, imewamalizia wapangaji nusu ya kazi. Allende alikuwa ameandaa kutangaza kura ya maoni ili watu waamue, na tangazo lilikuwa litolewe siku hizo hizo. Wapangaji waliwahi.

## Silaha na wananchi

11. Si angewapa wafanyakazi silaha?

Hispania hujibu nusu ya swali hili. Muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, Popular Front, ulishinda Februari 1936. Serikali iliwajua majenerali wabaya, ikawahamishia mbali: Franco visiwa vya Canary, Goded visiwa vya Balearic, Mola Pamplona. Ilikuwa kama kumhamishia mwizi kwenye nyumba ya pili, kwa kuwa kila mmoja alipewa kikosi cha kuongoza huko alikokwenda. Walipoasi Julai 17 na 18, waziri mkuu Casares Quiroga alikataa kuwagawia wafanyakazi bunduki. José Giral, aliyeshika uwaziri mkuu Julai 19, akakubali. Madrid na Barcelona ziliokolewa, kwa msaada pia wa polisi na askari waliobaki waaminifu. Nchi ikaingia vita vya karibu miaka mitatu, na Jamhuri ikashindwa.

Kwa Chile hali ilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na vikundi vya mrengo wa kushoto vilivyozungumzia silaha kwa sauti kubwa kuliko silaha vilizokuwa nazo. Maneno yale yaliwatisha maofisa wa katikati bila kumlinda mtu. Sheria ya udhibiti wa silaha ya Oktoba 1972, ambayo Allende aliiacha ipite, iliwapa wanajeshi mamlaka ya kupekua viwanda. Kufikia majira ya baridi ya 1973 walikuwa wameshazoea kuwalaza wafanyakazi kifudifudi uwanjani, na kujua kwamba hawatajibiwa kwa risasi.

Jibu langu: ukisema utawapa watu silaha halafu usiwape, umechukua hasara ya pande zote mbili.

12. Basi wananchi hawana kazi?

Wanayo, na kubwa, ila si ya bunduki. Watu wakijaa barabarani, yule kanali anayengoja hupata dalili kwamba mapinduzi hayajakamilika, na askari wa kawaida hukutana uso kwa uso na shangazi zake. Tazama Venezuela kwenye swali la 16.

## Karibu na nyumbani

13. Nyerere aliponaje maasi ya 1964?

Usiku wa Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliwafungia maofisa wao Waingereza na kuingia mjini. Tabora ikafuata. Walidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Hawakuwa na mpango wa kutawala, na hiyo ilikuwa bahati, maana Nyerere alikuwa mafichoni siku mbili, na waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyekabiliana nao. Sehemu ya polisi wa Dar ilikuwa imeshapelekwa Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 12.

Januari 25 makomandoo wa Uingereza waliletwa kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, wakalinyang'anya jeshi silaha kwa saa chache. Kuwaita wakoloni wa juzi kulimuuma Nyerere, na hakuficha aibu yake.

La kujifunza lipo kwenye kilichofuata. Hakuwasamehe wala kuwabadilisha makamanda wachache. Alilivunja jeshi lote. Wanajeshi wa Nigeria walishika zamu kwa miezi, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, ikiandikisha vijana wa TANU Youth League na JKT. Askari wakaruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, makomisaa wa siasa wakaingia kambini. Azimio la Arusha lilipokuja 1967, jeshi lililolipokea lilikuwa limeundwa na chama kilicholiandika.

Wachile wasingeweza kuiga. Tanganyika Rifles ilikuwa na batalioni mbili tu na haikuwa na historia. Jeshi la Chile lilikuwa la karne na nusu, na hakukuwa na Centaur ya kumsaidia Allende. Bei nayo itajwe: jeshi lililofungamana na chama hulinda chama, na siku wapinzani watakapochaguliwa swali la 1 litawahusu wao. Tanzania iliirudia mada hiyo ilipofungua mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, ndipo wanajeshi wakatakiwa kuacha uanachama.

14. Uganda walikosea wapi?

Wiki ile ile ya Januari 1964 askari wa Jinja nao waliasi. Waingereza waliitwa, lakini serikali ya Milton Obote ilikubali madai ya mishahara, na jeshi likabaki likijua kwamba kelele zinalipa. Obote akaendelea kulitumia kumaliza ugomvi wa kisiasa, ikiwemo kulivamia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1966, shambulio lililoongozwa na Idi Amin. Alipotangaza kuelekea kushoto mwaka 1969, tayari aliutegemea mkono ule ule alioanza kuuogopa. Januari 25, 1971, akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. (Kwamba Obote wa 1971 alikuwa bado "aliyechaguliwa" ni hoja dhaifu.)

Mwongozo wa TANU, uliotoka mwezi uliofuata, ulidai wananchi wapewe mafunzo ya mgambo. Kampala ilikuwa imesomwa Dar es Salaam.

15. Na Lumumba?

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, hakuwa msoshalisti kwa maana ya chama, ila kisa chake kinafanana. Force Publique, jeshi lililoachwa na ukoloni wa Ubelgiji, iliasi Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, ikiwa bado chini ya maofisa Wabelgiji. Lumumba akawaondoa Wabelgiji na kumpa Joseph Mobutu, mtu wa karibu naye, cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi. Septemba 14 Mobutu akawaweka kando rais na waziri mkuu. Fedha za kuwalipa askari zilikuwa zikipita kwa Mobutu, na mlipaji ndiye aliyetiiwa. Kuhusu kumteua mtu kwa ukaribu, tazama pia swali la 8.

## Siku yenyewe

16. Saa za kwanza serikali ifanye nini?

Isikike. Septemba 11 ndege zilipiga mitambo ya redio za mrengo wa kushoto asubuhi na mapema, ikabaki Radio Magallanes, ambayo Allende aliitumia kuaga. Waziri wake wa ulinzi, Orlando Letelier, alikamatwa alipofika wizarani. Askari polisi waliolinda ikulu waliondoka kamanda mpya alipojitangaza. Karibu saa sita mchana ndege aina ya Hawker Hunter zikaipiga La Moneda. Rais aliyebaki na simu chache tu hana anachoweza kumwambia kanali wa mkoani.

Linganisha na Venezuela. Aprili 12, 2002 mfanyabiashara Pedro Carmona aliapishwa baada ya Rais Hugo Chávez kukamatwa, na siku hiyo hiyo akalivunja bunge na mahakama kuu. Maofisa waliokubali kumwondoa Chávez hawakuwa wamekubali hayo. Habari zikaenea kwamba hakujiuzulu, watu wakateremka kutoka vitongoji vya mlimani, Jenerali Raúl Baduel akagoma na kikosi chake cha parachuti huko Maracay, na kikosi cha walinzi wa rais kikaitwaa tena ikulu Aprili 13. Kamari iligeuka ndani ya saa 48.

Bolivia, Juni 26, 2024, ilikuwa fupi zaidi. Jenerali Juan José Zúñiga alipoleta magari ya deraya kwenye uwanja wa Murillo, Rais Luis Arce alikutana naye mlangoni, kamera zikirekodi, akamwamuru aondoe askari. Kisha akateua makamanda wapya papo hapo. Kamanda mpya akawaamuru askari warudi kambini, wakarudi. Kuteua mbadala haraka, na mbele ya kamera, kunampa askari njia ya kutii bila kuaibika.

17. Je, kujiuzulu kunaepusha damu?

Wakati mwingine kunaichelewesha tu. Jacobo Árbenz wa Guatemala alijiuzulu Juni 27, 1954 maofisa wake walipokataa kupambana na kikosi kidogo kilichofadhiliwa na CIA. Ugawaji wake wa ardhi ulifutwa, na miaka michache baadaye nchi ikaingia vita vya miaka 36.

Evo Morales wa Bolivia alijiuzulu Novemba 10, 2019 baada ya uchaguzi uliobishaniwa, polisi kuasi na mkuu wa majeshi, Williams Kaliman, "kumpendekezea" aondoke. Watu walikufa kwa risasi wiki zilizofuata. Hata hivyo chama chake kilibaki kimejipanga, na Oktoba 2020 kikashinda kwa asilimia 55. Chama chenye mizizi kinaweza kumpoteza rais na kurudi, mradi uchaguzi ufanyike.

## Masuala ya pembeni

18. Kwa nini usiwanunue majenerali tu?

Inawezekana, na Venezuela imefanya. Baada ya 2002 maofisa walipewa wizara, majimbo, uagizaji wa chakula na sehemu ya mafuta. Jeshi halikupindua. Ila anayelipwa ndiye anayepanga bei, na serikali inayowaogopa majenerali wake kuliko wapiga kura imeshaacha kuwa ile iliyochaguliwa. Baduel, aliyemwokoa Chávez, aligombana naye, akafungwa mwaka 2009 na kufia kizuizini mwaka 2021.

19. Na kulifuta jeshi kabisa?

Costa Rica ililifuta Desemba 1, 1948. José Figueres alifanya hivyo akiwa ametoka kushinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la zamani likiwa limeshindwa tayari. Kulifuta jeshi lililo kambini na silaha zake ni kitu kingine kabisa.

20. Maofisa na askari waaminifu hupata nini?

Mara nyingi mabaya, na wenzao huona. Prats aliuawa Buenos Aires Septemba 30, 1974 kwa bomu la garini pamoja na mke wake, Sofía Cuthbert. Letelier aliuawa kwa njia hiyo hiyo mjini Washington miaka miwili baadaye. Jenerali Alberto Bachelet wa jeshi la anga, aliyekuwa akisimamia usambazaji wa chakula wakati wa Allende, aliteswa na wenzake na kufia gerezani Machi 1974. Binti yake, Michelle, alikuja kuwa waziri wa ulinzi, kisha rais.

Hao waliumizwa serikali ikiwa imeshaanguka. Kisa cha mabaharia ni kizito zaidi kwa sababu ilikuwa bado ipo. Agosti 1973 mabaharia wa vyeo vya chini, Valparaíso na Talcahuano, walikamatwa na wakubwa wao. Walikuwa wakizungumza jinsi ya kuzuia mapinduzi waliyoona yanaandaliwa melini. Waliteswa, habari zikafika mjini, na serikali ikaiachia kesi mahakama za jeshi la majini, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyosema na Allende hakutaka kumpa Merino kisingizio. Baada ya hapo, baharia aliyesikia jambo usiku alikuwa na sababu gani ya kwenda kumwambia mtu wa serikali?